Saa Mia Tatu za Darasani: Namna Vyuo Vinavyohuisha Mtaala wa Sayansi ya Kompyuta

Mtaala wa chuo kikuu ni mapatano kuhusu matumizi ya muda. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukaa chuoni miaka mitatu au minne, kila mwaka una mihula miwili, na kila muhula una majuma machache yenye saa za mihadhara na mazoezi ambazo haziwezi kuongezwa bila kumnyima muda wa kujisomea, kula na kulala. Katika fani nyingi kizuizi hicho hakileti taabu kubwa, kwa kuwa mhadhiri wa anatomia hufundisha mifupa ileile iliyofundishwa na mwalimu wa mwalimu wake. Sayansi ya kompyuta haina bahati hiyo. Kila muongo huleta vifaa, mbinu na hatari ambazo hazikuwapo mtaala ulipopitishwa, na kila kipya kinachobisha hodi darasani hukuta viti vyote vimekwisha kukaliwa. Ndiyo maana chuo kinapotangaza kwamba kimehuisha shahada yake ya sayansi ya kompyuta, jambo la kutazamwa kwanza ni orodha ya yale yaliyoondolewa, kabla hata ya kuitazama orodha ya masomo mapya.

Fani yenyewe inahitaji kubainishwa, kwa sababu wazazi wengi, na hata baadhi ya waajiri, huichanganya na ufundi wa kutengeneza mashine zilizoharibika au na mafunzo ya kuchapa barua na kujaza majedwali ofisini. Sayansi ya kompyuta huchunguza namna taarifa zinavyoweza kuwakilishwa, kuhifadhiwa, kupangwa na kukokotolewa kwa kufuata hatua zilizo wazi kiasi kwamba mashine isiyojua maana ya kitu chochote inaweza kuzitekeleza. Mfululizo wa hatua hizo huitwa algoriti. Algoriti ikiandikwa katika lugha ambayo kompyuta inaweza kuifuata, huwa programu. Kati ya algoriti na programu ndipo shahada nzima ilipo: hisabati upande mmoja, uhandisi upande wa pili, na mvutano wa kudumu baina ya pande hizo mbili.

Mvutano huo ulianza mapema. Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza kilianzisha stashahada ya ukokotoaji kwa mashine mwaka 1953, na Chuo Kikuu cha Purdue kikafungua idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini Marekani mwaka 1962, lakini kila chuo kilijipangia mambo yake, na aliyehitimu kimoja hakujua lolote kuhusu yaliyofundishwa kwingine. Machi 1968 chama cha wataalamu wa kompyuta kijulikanacho kwa herufi ACM kilichapisha katika jarida lake mwongozo wa kwanza uliokubalika kwa upana, wenye kozi 22: nne za msingi, tisa za kati na tisa za juu. Toleo hilohilo la jarida linastahili kutazamwa kwa karibu. Kurasa chache kabla ya mwongozo huo palikuwa na barua fupi ya mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliyetaka ikomeshwe amri iliyoiruhusu programu kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine wowote, kwa hoja kwamba binadamu hawezi kufuatilia kwa akili yake kazi inayorukaruka namna hiyo. Barua hiyo ilibadilisha namna ya kuandika programu duniani kote. Kwa maneno mengine, siku mtaala wa kwanza ulipotoka kiwandani, hoja ya kuurekebisha ilikuwa imeshonwa ndani ya jalada lilelile.

Katika orodha ya mwaka 1968, kozi tatu zilihusu uchanganuzi wa namba, yaani mbinu za kupata majibu ya karibu ya milinganyo isiyotatulika kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa kompyuta za wakati huo zilitumiwa zaidi na wanafizikia na wahandisi. Kozi ya mwisho kabisa, ya tisa katika kundi la juu, ilihusu akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Msomaji wa leo anayedhani kwamba akili mnemba ni mgeni aliyeingia vyuoni juzi anapaswa kujua kwamba ilikuwa imeandikwa mkiani mwa mtaala wa kwanza, ikisubiri mashine zenye nguvu ya kutosha.

Mwongozo huo ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1978, 1991, 2001, 2013 na 2023, na mengine madogo mwaka 2008. Hesabu ya saa inaeleza mengi kuliko maneno ya utangulizi. Mwongozo wa 2001 ulitaka saa 280 za mihadhara ya lazima, wa 2008 ukataka 290, na wa 2013 ukafikia 308. Walioandika mwongozo wa 2013 walitambua kwamba kapu limejaa, wakazigawa saa hizo mafungu mawili: 165 zisizosameheka kabisa, na 143 ambazo chuo kinaweza kuziacha hadi sehemu moja ya tano kulingana na hali yake. Hilo lilikuwa ungamo la wazi kutoka kwa watu wenye mamlaka ya kitaaluma kwamba hakuna chuo kinachoweza kufundisha kila kinachostahili kufundishwa, na ungamo hilo ni la manufaa kuliko orodha yoyote.

Nyongeza za mwaka 2013 zilikuwa na sababu zake. Usalama wa taarifa ulipewa eneo lake kwa sababu ulikuwa umeacha kuwa shughuli ya wanajeshi na benki pekee. Ukokotoaji sambamba, yaani ustadi wa kuigawa kazi moja ili sehemu zake zifanyike kwa wakati mmoja, ulipata nafasi kutokana na joto: hadi kufikia mwaka 2004 hivi watengenezaji walikuwa wakiongeza kasi ya vichakataji mwaka hadi mwaka, lakini joto likawashinda, wakaanza kuweka viini viwili, kisha vinne na zaidi, ndani ya kichakataji kimoja. Programu iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani hutumia kiini kimoja na kuviacha vingine vikiwa bure.

Na kilichotoka je? Uchanganuzi wa namba, uliokuwa na kozi tatu mwaka 1968, haukupewa hata saa moja ya lazima katika mwongozo wa 2001. Uamuzi huo ulionekana wa busara, kwani wahitimu wengi walikwenda kujenga tovuti na mifumo ya biashara. Kisha mashine zinazojifunza kutokana na data zikashika kasi, na mashine hizo, zikivuliwa majina yake ya kuvutia, ni majedwali makubwa ya namba yanayozidishwa na kurekebishwa mamilioni ya mara ili kosa lipungue. Hisabati iliyofukuzwa kwa mlango wa mbele ikarudi kwa mlango wa nyuma, na mwongozo wa 2023 ukaongeza msisitizo juu ya nadharia ya uwezekano, takwimu na aljebra ya mistari. Yeyote anayeketi katika kamati ya mitaala angefaa kuikumbuka historia hiyo kabla ya kupiga kura ya kupunguza hisabati kwa sababu wanafunzi wanaifeli.

Hakuna suala lililowagombanisha wahadhiri kwa muda mrefu kama lugha ya kwanza ya programu. Mtihani wa sayansi ya kompyuta ambao wanafunzi wa sekondari wa Marekani hufanya ili kupata sifa za chuo ulianza mwaka 1984 kwa lugha ya Pascal, ukahamia C++ mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha Java muda mfupi baadaye. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin kilipokusudia kuiondoa lugha ya Haskell katika kozi ya kuanzia na kuweka Java, Dijkstra yuleyule, ambaye wakati huo alikuwa mzee na mwaka uliofuata alifariki, aliwaandikia wenye maamuzi barua ya kuwasihi wasifanye hivyo, akisema kwamba lugha ya kwanza humjengea mwanafunzi namna ya kufikiri. Hakusikilizwa. Miaka kumi na tatu baadaye Java nayo ilikuwa imepitwa: uchunguzi uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba lugha ya Python ilikuwa ikitumiwa katika kozi za utangulizi za idara 8 kati ya 10 bora, na 27 kati ya 39 bora, nchini Marekani.

Sababu ya ushindi huo inaonekana katika zoezi la siku ya kwanza. Mwanafunzi aliyetaka kompyuta iandike neno Habari kwenye kioo, kwa mtindo wa Java uliozoeleka vyuoni, alilazimika kufungua tabaka, ndani yake afungue utaratibu mkuu, aandike maneno manne au matano ambayo mwalimu alimwambia ayakubali tu mpaka yatakapoelezwa majuma kadhaa mbele, kisha afunge mabano yote kwa mpangilio wake. Kwa Python anaandika mstari mmoja, na mstari huo unasema kile anachokitaka. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mtu aliyekwisha kuandika programu akiwa nyumbani, lakini kwa aliyekuja chuoni bila kuwahi kumiliki kompyuta ndiyo inayoamua kama juma la pili atarudi darasani au ataomba kuhamia masomo mengine.

Mabadiliko yaliyozungumzwa kuliko yote yalitokea katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kwa herufi MIT. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta walianza na kozi namba 6.001 ya Harold Abelson na Gerald Jay Sussman, iliyotumia lugha ya Scheme, ambayo kanuni zake ni chache kiasi cha kuelezwa katika kipindi kimoja, na kitabu chake cha mwaka 1985 kikasomwa katika vyuo vya nchi nyingi. Mwanafunzi alijenga kila kitu kutoka chini, hadi kufikia kuandika programu inayofasiri programu nyingine. Kozi hiyo iliondolewa mnamo 2008 na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine yenye Python na roboti ndogo. Sussman mwenyewe alieleza kwamba mwaka 1980 mhandisi aliunganisha sehemu ndogo alizozielewa kikamilifu, ilhali mhandisi wa sasa hufanya kazi na maktaba kubwa za programu zilizoandikwa na wengine, zisizoeleweka zote, hivyo hulazimika kuzijaribu na kuzichunguza kama mwanasayansi anavyochunguza maumbile. Maelezo hayo ni ya kweli, na bado yanasikitisha, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kujenga kitu kizima kwa mikono yake hukosa kipimo cha kupimia vitu vya wengine. Kitabu chenyewe hakikufa: mwaka 2022 kilitolewa tena kwa lugha ya JavaScript. Lugha ilibadilika, mawazo yakabaki.

Kuna aina nyingine ya uhuishaji ambayo haigusi maudhui sana bali hugusa lango la kuingilia, na katika mizani ya makala haya hiyo ndiyo yenye matokeo makubwa zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wanawake walioanza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 1995 walikuwa asilimia 7 tu, na kufikia mwaka 2000 walikuwa asilimia 42. Katikati ya miaka hiyo chuo kiliacha kutanguliza uzoefu wa awali wa kuandika programu katika udahili, na kikafungua njia tofauti za kuanzia kwa wenye uzoefu na wasio nao. Chuo cha Harvey Mudd huko California kilifanya jambo la jamii hiyo kuanzia mwaka 2006: kozi ya utangulizi iliandikwa upya kwa Python, na wanafunzi wakagawanywa katika makundi yaliyopewa rangi za chuo, dhahabu kwa wanaoanza na nyeusi kwa waliokwisha kuonja, ili wachache wenye kujua wasiwatishe wengi wanaojifunza. Sehemu ya wanawake iliongezeka kutoka kiasi cha mmoja kati ya kumi hadi kufikia wanne kati ya kumi ndani ya miaka michache. Hakuna somo lililorahisishwa ili kupata matokeo hayo. Kilichoondolewa ni dhana kwamba aliyeanza mapema ndiye mwenye kipaji.

Kisha ikaja Novemba 2022, na programu ya ChatGPT ikawekwa mikononi mwa kila mtu. Mazoezi ya mwaka wa kwanza, kama vile kupanga orodha ya majina kwa alfabeti au kutafuta namba kubwa kuliko zote katika safu, yakawa yanajibiwa na mashine kwa sekunde chache. Vyuo vilitofautiana katika majibu. Vingine vilirudi kwenye mitihani ya kuandika kwa mkono na ya mdomo. Kozi maarufu ya utangulizi ya Chuo Kikuu cha Harvard, CS50, mwaka 2023 ilijitengenezea msaidizi wake wa akili mnemba, mwenye sura ya bata wa mpira, kwa kufuata desturi ya zamani ya waandishi wa programu ya kuweka bata wa kuchezea mezani na kumweleza programu iliyogoma, mstari kwa mstari, mpaka kosa lijidhihirishe lenyewe. Bata huyo ameelekezwa amwongoze mwanafunzi kufikia jibu bila kumpa jibu kamili. Wazo hilo ni zuri kwa sababu linalinda kile ambacho mtaala hauwezi kukiacha, yaani jasho la mihula miwili ya kwanza, ambapo akili hujifunza kuigawa kazi kubwa kuwa hatua ndogo. Anayesahihisha kazi iliyoandikwa na mashine anahitaji ujuzi uleule wa anayeiandika, na pengine zaidi, kwa kuwa kosa la mashine huja limevaa mavazi ya usahihi.

Mwongozo wa 2023, uliotayarishwa na ACM kwa kushirikiana na chama cha wahandisi cha IEEE na chama cha watafiti wa akili mnemba, una maeneo 17 ya maarifa, na mojawapo linahusu jamii, maadili na taaluma. Msomaji wa Afrika ana sababu ya kulipa uzito. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa kutazama picha ya uso, wakakuta kwamba makosa kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake weusi yalifikia asilimia 34.7. Waliojenga mifumo hiyo hawakuwa wajinga wa algoriti. Walikosa swali la mapema: data za kuifunza mashine zilikuwa nyuso za nani?

Afrika Mashariki iliingia katika safari hii kwa hatua za kusitasita. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza serikalini katikati ya miaka ya 1960, kisha mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na vyuo vilipokuja kuanzisha shahada za fani hii vilikuta orodha zilizokwisha kuandikwa kwingine. Kuziazima si aibu, kwani hesabu haina uraia. Lakini Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilionyesha kwamba inawezekana kuongeza cha nyumbani, pale ilipotoa mwezi Desemba 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, kazi iliyowalazimu wataalamu wa kompyuta na wa lugha kuketi meza moja na kutafuta neno kwa kila kitufe. Kazi kama hiyo ni somo kamili la sayansi ya kompyuta, na leo, mashine zinapojifunza lugha kutokana na maandishi, umuhimu wake umeongezeka maradufu.

Mfano wa karibu zaidi uko mfukoni. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, ilibeba tatizo ambalo nadharia yake ilikwisha kujengwa katika miaka ya 1970. Mtu aliyeko Mombasa anamtumia mama yake aliyeko Kisumu shilingi elfu moja, na mfumo unapaswa kufanya mambo mawili, kutoa hapa na kuweka kule. Umeme ukikatika baada ya kutoa na kabla ya kuweka, elfu moja imepotea hewani. Kanuni ya miamala husema kwamba hatua zote mbili zifanyike, au isifanyike hata moja, na kwamba mfumo ukizimika uamke ukijua ulipoishia. Mhitimu aliyefundishwa kanuni hiyo na kuijenga mwenyewe katika maabara anaweza kuitumia katika kanzidata yoyote, ya leo au ya miaka ishirini ijayo, lakini aliyefundishwa vitufe vya kanzidata moja tu hubaki mikono mitupu kampuni inapobadilisha bidhaa.

Suala la lango la kuingilia nalo limefika Afrika Mashariki. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, na kwa vile shule hazilingani kwa vifaa, umeme wala walimu, vyuo vitaanza kupokea katika darasa moja vijana waliokwisha kuandika programu na vijana ambao kompyuta ya kwanza wataigusa maabara ya chuo. Kuwachanganya bila mpango, na kuwapima kwa mtihani mmoja wa juma la sita, ni kuwahukumu wa pili kwa umaskini wa shule zao.

Kamati zitakazoketi kuhuisha shahada hizi, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura, zitaletewa mapendekezo mengi ya kuongeza, kila moja likiwa na jina jipya na mtetezi mwenye hoja. Zinaombwa zimtake kila mtetezi ataje, kwa maandishi na katika ukurasa huohuo, saa ngapi anazihitaji, zitolewe katika somo lipi, na nani atakayeifundisha kozi hiyo muhula ujao.